Donald Ross: Seremala aliyeona mali kwenye mchanga

WAKULIMA wengi wakionyeshwa shamba la mchanga mtupu, lililokatwa miti yote na lisiloshika maji, hugeuka na kwenda zao. Hata bei ikiwa ya kutupa, mtu hujiuliza atapanda nini hapo.

Lakini katika jimbo la North Carolina, Marekani, iko ardhi ya aina hiyo hiyo ambayo kwa zaidi ya miaka 120 imekuwa ikijaza hoteli, kutoa ajira na kuvuta wageni kutoka pande nyingi za dunia. Mahali hapo panaitwa Pinehurst.

Kinachowavuta wageni ni mchezo wa gofu. Pinehurst ina viwanja vingi, lakini kimoja ndicho kinachotajwa zaidi, nacho hakina hata jina la kupendeza. Kinaitwa Nambari 2 tu. Mabingwa wa dunia hufika hapo wakijisifu na kuondoka wakitikisa vichwa.

Aliyekijenga hakuwa tajiri wala msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mwana wa mwashi, yeye mwenyewe fundi seremala, jina lake Donald Ross. Maisha yake yana mengi ya kumfaa mkulima na mchuuzi, hata yule ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu.

Utoto kando ya bahari

Ross alizaliwa Novemba 23, 1872, Dornoch, mji mdogo kaskazini mwa Scotland. Babake alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, na nyumba yao haikuwa na utajiri wowote. Kijana alipokua alipelekwa kujifunza useremala, akawa mwanagenzi kwa fundi wa hapo mjini.

Kando ya Dornoch kuna ardhi ya mchanga iliyo kati ya mashamba na bahari. Haikufaa kwa nafaka, hivyo watu walilisha kondoo humo na kucheza gofu. Kondoo walifupisha nyasi, upepo ukachonga vilima na mabonde, na mvua ikinyesha maji yalizama ardhini mara moja.

Ross alikulia kwenye uwanja huo. Aliuona ukiwa mkavu, ukiwa na maji, wakati wa baridi na wakati wa joto. Alijua mpira ukianguka upande gani utateleza, na nyasi gani hustahimili chumvi ya bahari.

Wazee wa klabu waliona kipaji chake wakampeleka St Andrews, mji ambao ndio kama makao makuu ya gofu. Huko alijifunza kwa Old Tom Morris, mzee aliyekuwa bingwa wa mchezo, mtengenezaji wa fimbo na mtunzaji wa kiwanja kwa wakati mmoja.

Aliporudi Dornoch mwaka 1893, Ross alifanya kazi zote tatu. Asubuhi alitunza nyasi, mchana alifundisha wachezaji, na jioni alichonga fimbo. Kazi ya nyasi hakuipenda mwanzoni, lakini ndiyo iliyokuja kumtajirisha.

Safari ya kutafuta maisha

Wakati huo gofu ilikuwa imeanza kuenea Marekani, na mafundi wa Scotland walitafutwa sana. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Harvard, Robert Willson, aliyekuwa akitembelea Dornoch wakati wa likizo, alimshawishi kijana huyo avuke bahari.

Mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 26, Ross aliondoka. Husimuliwa kwamba nauli ilimaliza karibu akiba yake yote, na alipotua mfukoni alikuwa na dola mbili tu. Alipata kazi katika klabu ya Oakley, karibu na Boston.

Shida ilikuwa moja. Boston huwa na theluji wakati wa baridi, na viwanja hufungwa kwa miezi kadhaa. Fundi anayelipwa kwa kufundisha na kuuza fimbo hukosa mapato msimu mzima, kama vile mkulima anayetegemea mvua anavyongoja mawingu.

Hapo ndipo alipokutana na mtu aliyekuwa na ardhi ya mchanga mahali penye baridi nafuu.

Mfanyabiashara wa soda

Mtu huyo aliitwa James Walker Tufts. Alizaliwa mwaka 1835, akaanza maisha kama mwanagenzi katika duka la dawa. Katika maduka hayo watu walinunua pia maji ya soda, na Tufts akaona kwamba faida kubwa haiko katika kuuza soda pekee bali katika kutengeneza mashine zinazoichanganya.

Alifungua kiwanda, akauza mashine nchi nzima. Mwaka 1891 kampuni yake iliungana na washindani wake wakubwa na kuwa kampuni moja, naye akawa rais wake.

Akiwa na fedha lakini afya dhaifu, Tufts alitaka kujenga kijiji cha mapumziko ambako watu wa kipato cha kawaida wangekimbilia baridi ya kaskazini. Mwaka 1895 alinunua zaidi ya ekari 5,000 North Carolina, kwa bei iliyozidi kidogo tu dola moja kwa ekari.

Wenyeji walimshangaa. Misonobari ya hapo ilikuwa imegemwa utomvu wa kutengenezea tapentaini na lami, kisha ikakatwa mbao. Kilichobaki kilikuwa visiki na mchanga.

Tufts hakununua na kukaa. Alimwajiri Frederick Law Olmsted, mtaalamu aliyeshiriki kubuni bustani kuu ya jiji la New York, achore kijiji. Maelfu ya miti na vichaka vilipandwa, barabara zikapindapinda katikati ya bustani, na hoteli ya kwanza, Holly Inn, ikafunguliwa mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1895.

Mpango wake wa mwanzo ulikuwa na kasoro kubwa. Alikusudia kuwapokea wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu ya kifua kikuu, kwa kuwa hewa ya misonobari ilisifiwa kuwa dawa. Ilipobainika kwamba ugonjwa huo huambukiza, alilazimika kubadilisha biashara na kutafuta wageni wenye afya.

Wageni wenye afya wanataka kitu cha kufanya. Inasimuliwa kwamba mwaka 1897 baadhi yao walianza kupiga mipira ya gofu katika malisho ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wakasumbuka. Tufts angeweza kuwafukuza. Badala yake aliisoma ile kero kama soko, na mwaka 1898 akajenga kiwanja chake cha kwanza chenye mashimo tisa.

Mchanga aliokuwa akiujua

Mwaka 1900 Tufts alimwajiri Ross kwa msimu wa baridi. Mpango ulimfaa kila mmoja. Ross angefanya kazi kaskazini wakati wa joto na kusini wakati wa baridi, asikae bure hata mwezi mmoja.

Alipofika Pinehurst, Ross hakuona jangwa. Aliona Dornoch bila bahari. Mchanga ule ungekunywa mvua haraka na kuacha uwanja mkavu, mpira ungedunda na kuviringika, na miteremko midogo ingefaa kwa mchezo bila kuchimbua sana.

Tufts alifariki mwaka 1902, na mwanawe Leonard akashika usukani. Leonard alikuwa pia mfugaji hodari wa ng'ombe wa Ayrshire, aina ambayo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu. Kijiji kikawa na hoteli, gofu na maziwa yake, kila kimoja kikisaidia kingine.

Ross alianza kwa kurekebisha kiwanja cha kwanza. Kisha akaanza kukata cha pili msituni kidogo kidogo, hadi mwaka 1907 kikakamilika mashimo 18. Hicho ndicho Nambari 2. Kufikia mwaka 1919 Pinehurst ilikuwa na viwanja vinne, vyote vikiwa na mkono wake.

Hakukuwa na matingatinga. Udongo ulisogezwa kwa koleo na makarai makubwa yaliyoburutwa na nyumbu. Kwa kuwa kila mzigo ulikuwa na gharama, Ross alijifunza kutembea eneo lote kwanza na kutafuta mahali ambapo ardhi yenyewe imeshafanya kazi. Alichimba pale tu palipobidi.

Sehemu kubwa ya jasho hilo ilikuwa ya Wamarekani weusi. Walifyeka, walijenga, walipika hotelini na kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, lakini kwa sheria na desturi za ubaguzi wa wakati huo hawakuruhusiwa kuwa wageni wa mahali walipopajenga. Wengi waliishi jirani, katika mji wao wa Taylortown, ambao upo hadi leo.

Kwa nini Nambari 2 ni ngumu

Msomaji asiyecheza gofu anaweza kujiuliza ugumu uko wapi, maana njia za Nambari 2 ni pana na hakuna bwawa wala mto unaotisha. Siri iko mwishoni mwa kila njia, kwenye uwanda mdogo wa nyasi fupi penye shimo, ambao wachezaji huuita grini.

Grini nyingi za hapo zimeinuka katikati na kuteremka pembeni, kama kisahani cha chai kilichofunikwa. Mpira ukitua sehemu isiyofaa husimama kidogo, hutafakari, kisha huteremka taratibu hadi bondeni. Mchezaji aliyedhani amefika hujikuta anaanza upya.

Ndiyo maana upana wa njia ni mtego. Mtu anaweza kupiga popote, lakini upande mmoja tu ndio unaompa nafasi nzuri ya pigo linalofuata. Anayetumia nguvu bila kufikiri hulipia mbele.

Mashindano makuu ya Marekani, US Open, yamethibitisha hayo. Yalipofanyika hapo mwaka 1999, ni Payne Stewart peke yake aliyemaliza chini ya idadi ya mipigo iliyowekwa, tena kwa pigo moja tu. Mwaka 2005 hakuna hata mmoja aliyeshuka chini yake, na Michael Campbell wa New Zealand alishinda kwa kuifikia sawasawa.

Hadithi ya ukoka

Kwa miaka karibu 30 ya mwanzo, grini za Nambari 2 hazikuwa na nyasi. Zilikuwa za mchanga ulioshindiliwa na kulainishwa. Wazee waliowahi kucheza katika viwanja vya zamani vya Afrika Mashariki vilivyo mahali pakavu wanaijua hali hiyo, maana huku pia mchanga uliochanganywa na mafuta ulitumika pale nyasi ziliposhindikana.

Sababu ilikuwa hali ya hewa. Nyasi za Scotland ziliungua wakati wa joto kali la kusini, na nyasi zilizostahimili joto zililala wakati wa baridi, ambao ndio msimu wa wageni.

Ross na msimamizi wake wa viwanja, Frank Maples, walijaribu mbegu, mbolea na mbinu za kumwagilia kwa miaka mingi. Hawakubadilisha kiwanja kizima kwa pupa. Ilipofika mwaka 1935, waliweza kupanda nyasi kwenye grini zote za Nambari 2, na mwaka uliofuata mashindano ya mabingwa wa kulipwa ya PGA yakafanyika hapo.

Nyasi iliyoshinda mtihani huo ni ya jamii ambayo Marekani huitwa Bermuda. Mkulima wa huku asidanganyike na jina. Ni ukoka, ule ule tunaokatia mbuzi na kung'oa kwa hasira katikati ya mahindi. Wataalamu husema asili ya jamii hiyo ni Afrika na maeneo ya jirani, na leo aina zake zilizoboreshwa huuzwa kwa bei nzuri katika nchi za joto duniani.

Kazi inapanuka

Sifa za Pinehurst zilimfanyia Ross matangazo bila malipo. Matajiri wa kaskazini walikuja kupumzika, wakacheza, kisha wakamwomba awajengee viwanja kwao. Akawa na ofisi, wachoraji na wasaidizi katika majimbo mbalimbali.

Kwa jumla takriban viwanja 400 vinahesabiwa kuwa kazi yake, vikiwemo Oakland Hills, Inverness, Oak Hill na Seminole. Vingine alivichora kwa kutumia ramani tu, akawaachia wasaidizi wasimamie. Lakini Nambari 2 hakuiacha. Nyumba yake ilikuwa kando ya kiwanja hicho, na kila mwaka alirekebisha kitu.

Hakusahau nduguze pia. Mdogo wake Alec alimfuata Marekani, akawa mchezaji bora kuliko kaka yake na kushinda US Open ya mwaka 1907. Donald mwenyewe aliwahi kushika nafasi ya tano mwaka 1903, lakini alitambua mapema kwamba riziki yake iko kwenye ardhi.

Maisha hayakuwa laini. Mkewe Janet alifariki mwaka 1922, akimwachia binti mmoja. Alioa tena miaka miwili baadaye. Mwaka 1921, pamoja na mwenzake, alikuwa amenunua hoteli ndogo ya Pine Crest hapo Pinehurst, na akabaki mwenye hisa hadi kufa kwake. Fundi alihakikisha kwamba wageni wanaokuja kwa ajili ya kazi yake wanaacha kitu mfukoni mwake pia.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani uliporomoka. Maombi ya viwanja vipya yakakatika karibu yote. Hapo ndipo Ross alipoweka nguvu zake nyumbani, na kazi ile ya nyasi ya mwaka 1935 ilikuwa tunda la miaka hiyo migumu.

Mwaka 1947 wabunifu wa viwanja vya gofu wa Marekani walianzisha chama chao, wakakutana Pinehurst na kumfanya Ross rais wa heshima. Alifariki hapo hapo Pinehurst Aprili 26, 1948, akiwa na umri wa miaka 75.

Walipoongeza maji, wakapoteza mali

Mwisho wa mwaka 1970 ukoo wa Tufts uliuza Pinehurst. Katika miaka iliyofuata, wamiliki wapya walitaka kiwanja kionekane kama vile vya kwenye televisheni, kijani kila mahali. Mchanga wa pembeni ukafunikwa kwa nyasi, mabomba ya kumwagilia yakaongezwa, mbolea na mashine za kukata nazo zikaongezeka.

Gharama ilipanda, lakini Nambari 2 ikaanza kufanana na viwanja vingine mia. Kile kilichowafanya watu wasafiri mbali kilikuwa kimezikwa chini ya ukoka.

Mwaka 2010 na 2011, Bill Coore na mchezaji wa zamani Ben Crenshaw waliajiriwa kurudisha kazi ya Ross. Walitumia picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1943, wakang'oa nyasi kwenye zaidi ya ekari 30 na kuacha mchanga, sindano za misonobari na majani ya porini yarudi. Mamia ya vinyunyizio vya maji yaliondolewa, na matumizi ya maji yakashuka sana.

Wengine waliogopa kwamba wageni watakimbia. Kinyume chake, mwaka 2014 US Open ya wanaume na ya wanawake zilifanyika hapo kwa wiki mbili mfululizo, na mwaka 2024 ya wanaume ikarudi, ambapo Bryson DeChambeau alishinda kwa tofauti ya pigo moja.

Anayezuru leo

Mgeni anayefika Pinehurst siku hizi hukuta kijiji cha Olmsted kikiwa bado na barabara zake zinazopinda. Hoteli kubwa ya Carolina, iliyofunguliwa mwaka 1901, ingali inapokea watu, na Holly Inn pia. Pine Crest nayo bado ni hoteli.

Viwanja sasa ni kumi, cha kumi kikiwa kimefunguliwa mwaka 2024. Kwa kawaida anayetaka kucheza Nambari 2 hutakiwa kulala katika hoteli za hapo, mpango unaohakikisha kwamba gofu inauza vyumba na vyumba vinauza gofu. Asiyecheza anaweza kutembea kijijini, kula, na kuona sanamu ya Ross karibu na shimo la 18.

Atakachokiona chini ya miguu yake ni mchanga ule ule ulionunuliwa kwa dola moja na senti kadhaa.

Funzo la kwanza kwa mkulima ni kwamba ardhi husomwa kabla ya kulimwa. Ross alitembea kwanza, akachimba baadaye. La pili ni la mchuuzi: Tufts alipokosea kuhusu soko lake hakung'ang'ania, na alipowaona wageni wakisumbua ng'ombe wake aliwauliza kwa vitendo wanataka nini.

Na la tatu ni la wote wawili. Kabla hujatumia fedha kufanya shamba au duka lako lifanane na la jirani, hakikisha kwanza hufuti kile ambacho wateja hupita mlangoni kwa jirani huyo ili wakifikie kwako.